"Hakuna Uyoga, Hakuna Fangasi": Msipime Msitu kwa Macho

"Mtaalamu, tumezunguka siku nzima hatukuona uyoga. Huku hakuna fangasi, tukate tu mkaa." Kauli hii nimeisikia kwenye kamati za maliasili za vijiji kuanzia Chenene na Kondoa hadi Manyoni, na imenichosha.

Uyoga ni kama tunda. Mwembe usio na maembe mwezi Mei bado ni mwembe. Fangasi wenyewe ni nyuzi zilizomo udongoni na mizizini mwaka mzima. Dodoma mvua ni takriban milimita 570 kwa mwaka, karibu zote kati ya Desemba na Aprili, na uyoga huchomoza baada ya mvua nzuri, ukaoza ndani ya siku chache. Mzunguko mmoja wa Februari utakuonyesha nini? Tena migunga na mibuyu hushirikiana na Glomeromycota, kundi la fangasi wa mizizini ambao hawatoi uyoga kabisa, wakati mtundu na mtondoro wa miombo hushirikiana na fangasi akina Amanita, Russula na Cantharellus, wanaotoa. Ukilinganisha misitu hiyo miwili kwa kuhesabu uyoga, umekosea kabla hujaanza.

Choteni udongo! Sentimita 10 za juu, sehemu nyingi ndani ya kiwanja, changanyeni, kausheni haraka, pelekeni maabara isome kipande cha vinasaba kiitwacho ITS, kinachotumika kutambua aina za fangasi. Kwa fangasi wa migunga ombeni isome na kipande kingine, SSU, maana ITS huwatambua vibaya. Majibu yakirudi ndipo mpange pa kukata. Na hata mkikata miombo, msing'oe visiki, acheni na miti mikubwa kadhaa: mizizi ikibaki hai, fangasi wake nao wanabaki.

"Basi vinasaba vinatosha." Havitoshi. Bila sampuli za uyoga uliokaushwa na kutambuliwa, maabara itakurudishia namba nyingi zisizo na majina. Nendeni porini na kina mama wanaochuma uyoga; wanajua unapoota na lini.

"Kuchuma kunaumaliza." Uswisi walifuatilia kwa miaka 29 na kuchapisha matokeo mwaka 2006: kuchuma hakukupunguza uyoga. Kilichoupunguza ni kukanyagakanyaga ardhi.

"Gogo bovu ni uchafu, lichomwe." Liacheni lilipo. Wamo fangasi wanaoishi kwenye mbao zinazooza tu, na mkilichoma mnawafuta kabla hatujawahesabu.