Nywele kupukutika wakati wa sindano za kupunguza uzito: maswali na majibu

Maswali haya yanawahusu wanaochoma sindano za kila wiki: semaglutaidi (Wegovy, na Ozempic ambayo imesajiliwa kwa ajili ya kisukari) na tirzepataidi (Zepbound na Mounjaro).

Je, dawa yenyewe ndiyo inayonyonyoa nywele?

Kwa sehemu kubwa, hapana. Kinachozinyonyoa ni kasi ya kupungua mwili pamoja na chakula kidogo kinachoingia. Kichwani kuna nywele kama 100,000. Takriban tisa katika kila kumi huwa zinakua, na zilizobaki zimepumzika zikingoja kudondoka. Mwili ukipata mshtuko, iwe homa kali ya malaria, kujifungua, upasuaji au kupoteza kilo nyingi kwa muda mfupi, nywele nyingi huingia mapumzikoni kwa mkupuo. Hukaa humo miezi miwili hadi mitatu, kisha hudondoka pamoja. Ndiyo maana mtu anayeanza sindano Januari huona kitana kimejaa Aprili, wakati kichefuchefu kimeshaisha na nguo zimeanza kumpwaya.

Waliofanyiwa upasuaji wa kupunguza tumbo hupatwa na hali hiyo hiyo bila kuchomwa sindano hata moja.

Kwenye majaribio ya Wegovy kwa watu wazima, 2.5% walipoteza nywele, dhidi ya 1% ya waliochomwa sindano isiyo na dawa, na waliopungua 20% ya uzito au zaidi ndio walioathirika zaidi. Kwa Zepbound, wanawake walikuwa 7.1% dhidi ya 1.3%, ilhali wanaume hawakufika hata 1%.

Nimefumua rasta za wiki sita nikabaki na fundo kubwa la nywele. Ndiyo yenyewe?

Si lazima. Mtu mwenye afya hupoteza nywele 50 hadi 100 kwa siku. Ukisuka, nywele zilizodondoka hubaki zimeshikwa ndani ya msuko. Wiki sita ni siku 42, kwa hiyo nywele 2,100 hadi 4,200 zitatoka siku moja ukifumua, na hilo ni jambo la kawaida. Ukihesabu za siku ya kufumua utajitisha bure.

Chukua nywele kadhaa zilizotoka uziweke juu ya karatasi nyeusi, mahali penye mwanga. Nywele iliyodondoka kwa sababu tunayoizungumzia ina urefu wake wote, na ncha moja ina kinundu kidogo cheupe kama kichwa cha pini. Ukiona vipande vifupi vya urefu tofauti, visivyo na kinundu, hizo zimekatika katikati, na lawama ni ya kalikiti, pasi, kitana au ukavu. Mara nyingi mtu huwa na yote mawili, na huishia kulaumu sindano kwa kosa la saluni.

Kipimo kingine: shika nywele 50 hivi kati ya kidole gumba na vidole viwili, karibu na ngozi, kisha vuta taratibu mpaka nchani. Rudia sehemu nne za kichwa. Zikitoka zaidi ya sita kila unapovuta, upukutikaji umezidi.

Niache sindano?

Usiache kwa sababu hii peke yake, na usiamue bila daktari. Nywele zinazodondoka leo ziliingia mapumzikoni miezi miwili au mitatu iliyopita, kwa hiyo kuacha leo hakuziokoi. Isitoshe, semaglutaidi hukaa mwilini kama wiki tano baada ya sindano ya mwisho. Utapoteza faida ya dawa, uzito uanze kurudi, na nywele ziendelee kudondoka zilivyokuwa zimepanga. Kwenye majaribio, wengi waliopata tatizo hili walipona wakiwa bado wanaendelea na dawa.

Kinachojadilika ni kasi. Wegovy kwa kawaida huanza na miligramu 0.25 kwa wiki, na kila baada ya wiki nne hupanda hadi 0.5, 1, 1.7 na 2.4. Ngazi hizo si sheria ya kutovunjwa. Ikiwa unapungua zaidi ya kilo moja kwa wiki, wiki baada ya wiki, au hufikishi hata nusu ya sahani, mwombe daktari akuache kwenye dozi uliyopo kwa muda au akushushe ngazi moja. Ukipungua polepole kidogo, mwili hupata nafasi ya kulisha na nywele.

Nile nini, na kiasi gani?

Hapa ndipo wengi hukosea. Hamu ya kula ikishaondoka, mtu hubaki na chai, kipande cha mkate na matunda, akidhani anafanya vizuri kwa kuwa mzani unashuka. Nywele hutengenezwa kwa protini, na mwili ukikosa protini hulinda moyo na misuli kwanza, nywele husubiri.

Lengo linalotumika sana ni gramu 1.2 za protini kwa kila kilo ya uzito unaoulenga. Anayelenga kilo 65 anahitaji gramu 78 kwa siku. Zinapatikana hivi: asubuhi mayai mawili (gramu 12) na glasi ya mtindi ya mililita 250 (8), mchana samaki aliyepikwa, gramu 100 (22), na maharage nusu kikombe (7), jioni kuku gramu 80 bila mfupa (22), katikati ya siku kiganja cha karanga, gramu 30 (7). Jumla 78. Mwenye ugonjwa wa figo asifuate hesabu hii kabla ya kumwuliza daktari wake.

Mpangilio wa kula nao una maana, kwa sababu tumbo hujaa haraka. Anza na samaki, nyama au maharage, fuata mboga, ugali au wali uje mwisho. Siku ambayo nyama inakutia kichefuchefu, tia vijiko viwili vikubwa vya maziwa ya unga kwenye uji, au saga dagaa wakavu uwanyunyize kwenye mchuzi. Dagaa ni karibu nusu protini kwa uzito, na hawajazi tumbo.

Sogeza chai mbali na mlo, angalau saa moja. Chai inayonywewa pamoja na chakula huzuia madini ya chuma ya mboga na maharage kuingia mwilini. Ndimu au chungwa husaidia yaingie.

Vipimo gani nifanye?

Wingi wa damu, ferritini (akiba ya madini ya chuma) na homoni ya tezi ya shingo, TSH. Anayetumia metformini, dawa ya kisukari, aongeze vitamini B12, kwa kuwa dawa hiyo huipunguza polepole kwa miaka.

Ferritini hupuuzwa kwa sababu wingi wa damu unaweza kuonekana mzuri huku akiba imekauka, hasa kwa mwanamke mwenye hedhi nzito. Chini ya nanogramu 30 kwa mililita, akiba ni ndogo. Madaktari wengi wa ngozi hupenda ifike 40 au zaidi nywele zinapokuwa tatizo. Usipime ukiwa na homa au maambukizi, kwani ferritini hupanda kwa uongo.

Daktari akikuandikia vidonge vya chuma, mwulize kuhusu kumeza siku moja na kuruka moja. Kidonge cha miligramu 200 cha feras salfeti kina kama miligramu 65 za chuma chenyewe, na ukiruka siku mwili hufyonza vizuri zaidi. Kuna sababu nyingine kwako: sindano zenyewe hufunga choo, na vidonge vya chuma hufunga choo. Vikikutana bila maji ya kutosha na mboga, utateseka.

Vidonge vya nywele vya biotini (aina ya vitamini B) vinasaidia?

Havisaidii kama huna upungufu wa biotini, na upungufu huo ni nadra. Mahitaji ya mtu mzima ni mikrogramu 30 kwa siku. Vidonge hivyo mara nyingi huwa na 5,000 hadi 10,000. Ubaya wake zaidi uko maabara, kwa sababu biotini nyingi inaweza kupotosha majibu ya TSH na ya kipimo cha damu kinachotumika kugundua shambulio la moyo. Ukiwa unavimeza, mwambie mpimaji, na mwulize daktari uviache siku ngapi kabla ya kutoa damu.

Vitamini A na seleniamu zikizidi hunyonyoa nywele zenyewe. Zinki ikizidi kwa muda mrefu humaliza madini ya shaba mwilini. Kumeza aina tatu za vidonge vya nywele kwa pamoja ni kujitafutia tatizo la pili.

Na minoksidili, dawa ya kupaka ya kuotesha nywele?

Kwa upukutikaji wa aina hii haihitajiki. Nywele hurudi bila hiyo. Hufaa pale ambapo sindano imefichua upungufu wa nywele uliokuwepo tangu zamani, yaani njia ya katikati ya kichwa kwa mwanamke imekuwa pana, au paji la mwanamume limerudi nyuma. Ukianza, jua kwamba katika wiki za mwanzo nywele zinaweza kudondoka zaidi kabla ya kuota, na matokeo hayaonekani kabla ya miezi minne. Mjamzito na anayenyonyesha wasiitumie. Nawa mikono baada ya kupaka, na paka wa nyumbani asilambe kichwa wala mto wako. Kwake ni sumu.

Saluni nifanye nini?

Mistari mikubwa, milegevu, isiyo na rasta nzito. Ukitoka kwa msusi unaumwa kichwa au una vipele vidogo kwenye paji, amekaza mno. Fumua siku hiyo hiyo. Kalikiti isubiri mpaka upukutikaji utulie. Wigi linafaa, lakini bila gundi na juu ya kofia laini. Osha nywele kila wiki moja au mbili. Kutoziosha hakuziokoi, kunazikusanya tu. Mafuta ya nazi hupunguza kukatika, ila hayaoteshi. Maji ya kitunguu na mafuta makali ya karafuu huunguza ngozi ya kichwa, kwa hiyo yaache.

Lini niwahi kwa daktari?

Nywele zikitoka kwa mabaka badala ya kupungua kichwa kizima, ngozi ikiwaka, ikitoa usaha au ikibaki laini inayong'aa bila vitundu vya nywele, nyusi zikiondoka, au nywele za utosi zikiwa chache na utosi unawasha. Mabaka yanaweza kuwa mapunye, na kwa mtu mzima hata kaswende, ambayo hupimwa kwa damu na kutibiwa. Wahi pia ikiwa unatapika kila siku au unapatwa na kizunguzungu ukisimama. Hapo suala si nywele tena.

Wanaotumia tirzepataidi pamoja na vidonge vya uzazi wa mpango wajue kuwa dawa hiyo hupunguza nguvu ya vidonge. Hushauriwa kuongeza kondomu kwa wiki nne baada ya kuanza na baada ya kila dozi kupanda. Baadhi huamua kuacha vidonge kabisa, na kuviacha nako kunaweza kupukutisha nywele miezi michache baadaye, mzigo juu ya mzigo.

Nilinunua sindano mtandaoni kwa bei nafuu. Inaweza kuwa sababu?

Hatujui kilichomo, nawe hujui. Juni 2024 Shirika la Afya Duniani lilitoa tahadhari kuhusu Ozempic bandia zilizokamatwa Brazili, Uingereza na Marekani. Peleka kalamu ya sindano na boksi lake kwa mfamasia kabla ya kuchoma nyingine.

Zitarudi lini?

Uzito ukitulia na chakula kikitosha, kupukutika hupungua ndani ya miezi mitatu hadi sita. Kujaa kwake huchukua miezi sita hadi kumi na miwili, wakati mwingine zaidi, kwa kuwa nywele huota kama sentimita moja kwa mwezi, na za kipilipili hukua polepole kidogo, tena hujikunja, hivyo huonekana fupi kuliko zilivyo. Dalili ya kwanza ni vinywele vifupi vilivyosimama kwenye paji. Piga picha ya utosi na paji mara moja kwa mwezi, dirisha lile lile, saa ile ile, nywele zikiwa kavu. Zikipukutika bado baada ya miezi sita huku uzito umetulia, rudi kwa daktari na picha hizo.