Kabla ya kulaumu kishikwambi, tazama faili

Mwalimu mmoja wa shule ya msingi alikuja maktabani kwetu na kishikwambi chake, mojawapo ya vile vilivyotumika kwenye sensa ya Tanzania ya 2022 kisha serikali ikavigawa kwa walimu. Alikuwa amekihifadhi ndani ya mfuko wa kitambaa kama msahafu. Nilipomwamkia shikamoo akaitikia marahaba, na hakungoja nimuulize shida yake. "Binti yangu, kitu hiki si cha kusomea vitabu. Nimejaribu mwezi mzima, macho yananiuma."

Nikamwomba anifungulie kitabu chenyewe. Ilikuwa PDF ya riwaya aliyotumiwa kwenye kundi la WhatsApp. Mtu alikuwa ameipiga picha kwa simu ukurasa kwa ukurasa, na dole gumba lake likionekana pembeni. Ili asome mstari mmoja mwalimu alilazimika kuukuza ukurasa kwa vidole viwili, ausogeze mpaka mwisho wa mstari, arudi mwanzo, ashuke, aanze tena. Ukurasa ulikuwa na mistari thelathini na kitu. Hata mimi macho yangeniuma.

Watu wengi wanaoniambia kwamba kishikwambi hakisomeki hawajapata kusoma kitabu pepe hata kimoja. Wamesoma picha za karatasi. Ndiyo maana mtu akija kwangu kujifunza sianzi na programu wala mipangilio ya kioo. Naanza na faili.

PDF ilitolewa na kampuni ya Adobe mwaka 1993 kwa kazi moja: waraka uonekane vilevile kwenye kila mashine na utoke vilevile kwenye kila printa. Kwa risiti, fomu na barua ya serikali, hakuna kinachoishinda. Lakini ukurasa wake una kipimo chake, na kipimo hicho hakibadiliki. Ukurasa wa A4 ukiuingiza kwenye kioo cha inchi 8, unasinyaa pamoja na herufi zake. EPUB, ambayo ilikuja mwaka 2007, imetengenezwa kwa nia nyingine kabisa. Ndani yake mna maandishi yaliyopangwa kwa lugha ileile inayotengenezea kurasa za tovuti, yakafungashwa pamoja na picha zake katika kifurushi kimoja. Programu ya kusomea ndiyo inayoyapanga kufuata upana wa kioo chako. Ukikuza herufi, maneno yanashuka mstari unaofuata na kurasa zinaongezeka, wala huhitaji kusogeza chochote pembeni. PDF ni nguo iliyokwisha kushonwa, EPUB ni kitambaa ambacho fundi anakukatia ukiwa umesimama mbele yake.

Halafu kuna suala la bando. Riwaya ya maandishi matupu ikiwa EPUB mara nyingi haifiki hata MB 1. Riwaya hiyohiyo ikiskaniwa kurasa zake zote inaweza kula MB 30 au zaidi. Na mara faili inapokuwa ndani ya kishikwambi, huhitaji intaneti tena. Nalisema hili kila mara kwa sababu kila mara kuna mtu anayeshangaa: wengi hudhani bando likiisha na kitabu kinafungwa.

Programu ya kusomea isikusumbue sana. Kwenye Android mimi huwawekea watu ReadEra, kwa kuwa inafungua EPUB na PDF, haikuombi akaunti, na haikurushii matangazo katikati ya sura. Google Play Books huenda tayari imo kwenye kishikwambi chako, nayo inakubali upakie faili zako mwenyewe, ila utahitaji akaunti ya Google. Wenye iPad wana Apple Books. Chagua moja uizoee.

Zoezi la kwanza tunafanyia Project Gutenberg, maktaba ya mtandaoni, kwa sababu kule hakuna malipo wala kujisajili. Fungua kivinjari, andika gutenberg.org, tafuta jina la kitabu au mwandishi, kisha ushuke mpaka kwenye orodha ya aina za faili. Utaona EPUB yenye picha na nyingine isiyo na picha. Bando likiwa dogo, chukua ya pili. Gusa, subiri sekunde chache, na kitabu kimeshuka. Mradi huu ni mkubwa kwa umri kuliko wengi tunaoutumia: Michael Hart aliuanza mwaka 1971 katika Chuo Kikuu cha Illinois kwa kuchapa Azimio la Uhuru la Marekani kwenye kompyuta ya chuo. Leo una vitabu zaidi ya 70,000, vingi vikiwa vya zamani na vya Kiingereza.

Kiswahili kinahitaji kutafutwa kwingine, na hapa ndipo ninapolazimika kuyatengua kidogo niliyoyasema juu. Hadithi za watoto zipo kwa wingi African Storybook, mradi wa shirika la Saide la Afrika Kusini, na leseni yake inakuruhusu kupakua, kuchapa na hata kutafsiri. Vitabu hivyo ni vya picha, kila ukurasa una mchoro na sentensi mbili tatu zilizowekwa mahali pake. Hapo PDF ndiyo yenyewe, maana maneno yakianza kuhamahama, mtoto ataona tembo ukurasa huu na kusoma habari zake ukurasa mwingine. Vitabu vya kiada viko kwenye maktaba mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania. Kwa vile vya kununua, eKitabu ya Nairobi inauza vya wachapishaji wa Kenya.

Vitabu vikongwe vya Kiswahili ni mkasa wa peke yake. Viko Internet Archive, ghala la mtandaoni la vitabu vilivyoskaniwa. Mkusanyo wa hadithi za Unguja alioutoa mmisionari Mwingereza Edward Steere mwaka 1870 unapatikana humo, Kiswahili upande mmoja na Kiingereza upande wa pili. Tovuti hiyo inakupa PDF na EPUB pia, na mtu aliyenisikiliza mpaka hapa atakimbilia EPUB. Asifanye hivyo. Aghalabu EPUB hizo zimetengenezwa na mashine iliyoangalia picha ya ukurasa ikabahatisha herufi, na mashine hiyo Kiswahili haikijui vizuri. Herufi m inageuka r na n zilizobanana. King'ong'o cha ng' kinapotea au kinageuka nukta. Kurasa mbili zinazokabiliana zinachanganywa, sentensi ya Kiswahili ikamalizikia kwa Kiingereza. Kwa vitabu vya namna hii chukua PDF, geuza kishikwambi kilale kwa upana, ukubali kusogeza ukurasa juu na chini. Ni adha kidogo, lakini angalau unasoma kilichoandikwa.

Sasa faili imeshuka, iko wapi? Swali hili naulizwa kuliko yote. Kwenye Android fungua programu ya mafaili, ingia folda iitwayo Download, utaikuta. Cha kutumiwa kwa WhatsApp hakiendi huko. Kinakaa ndani ya folda za WhatsApp yenyewe, na siku utakapofuta mazungumzo pamoja na mafaili yake ili kupata nafasi, kitabu nacho kimekwenda. Kinakili kwanza, ukiweke kwenye folda yako uliyoiita Vitabu, au kwenye memori kadi. Na kabla ya kugusa chochote ulichopakua, soma herufi za mwisho za jina lake. Kitabu kinaishia na .epub au .pdf. Kikiishia na .apk hicho si kitabu, ni programu inayotaka kuingia kwenye kifaa chako. Kifute.

Na kwa kuwa WhatsApp imetajwa: riwaya aliyokuja nayo mwalimu ni ya mwandishi aliye hai, na kitabu chake kipo dukani. Nilimwambia hivyo bila kuzunguka. Akanyamaza kidogo, kisha akaniuliza bei.

Ukinunua kitabu pepe, jua kwamba vingine vimefungwa kwa kufuli la kidijitali na vinasomeka ndani ya programu ya muuzaji tu. Uliza kabla ya kulipa.

Mipangilio ya kioo haina mengi. Kuza herufi mpaka mstari uwe na maneno saba hadi kumi. Punguza mwanga ulingane na chumba ulichomo, na usiku tumia maandishi meupe juu ya weusi ukipenda. Mimi sipendi.

Mwalimu alirudi baada ya wiki kama tatu, safari hii kwa ajili ya mama yake ambaye macho yamefifia. Alisikia kuna programu zinazosoma kwa sauti, akajaribu, na sauti ikasoma Kiswahili kama mtalii aliyeshuka uwanja wa ndege asubuhi ile. Kosa lilikuwa pande mbili. Kwanza, sauti ya Kiswahili haikuwa imepakuliwa. Android inayo, ila inabidi uiteue kwenye mipangilio ya kusoma maandishi kwa sauti. Pili, kila EPUB ina lebo ndani yake inayotaja lugha ya kitabu, na aliyeitengeneza hii aliacha imeandikwa Kiingereza. Baadhi ya programu huifuata lebo hiyo kama amri, si kwa sauti tu bali hata kwa kukata maneno mwisho wa mstari. Ukiona "anayef" huku na "ahamu" kule, usimlaumu mwandishi. Tuliiingiza faili kwenye kompyuta ya maktaba, tukaifungua kwa Calibre, programu ya bure ya kutunza vitabu pepe, tukabadilisha lugha kuwa Kiswahili na kuirudisha.

Ng'ombe akatamkwa ng'ombe. Bado sauti hiyo inavuta pumzi mahali pasipo na mkato, lakini hilo bibi analilalamikia mwenyewe, maana yuko sura ya sita.