Ushirikiano una "-ana" ndani yake

Majuzi nilifasiri hotuba katika hafla moja hapa Nakuru. Kampuni ilikuwa imeletea chuo kikuu kompyuta 20, na pale mbele watu wanne walikuwa wameshika hundi ya kadibodi ndefu kama mlango. Kila aliyesimama alilitaja neno lile lile: ushirikiano. Ushirikiano wa chuo na biashara kwa ajili ya ubunifu. Nililirudia kwenye kipaza sauti mpaka ulimi ukaanza kusita, maana nilichokuwa nikikitazama kilikuwa kitu kingine. Kufasiri ndiyo kazi yangu, na neno lisilokaa mahali pake hunikwama kooni.

Maana yenyewe haihitaji maelezo marefu. Chuo kikuu kina watafiti, maabara na nafasi ya kujaribu jambo mara kumi bila kufunga duka. Biashara ina tatizo linaloinyima usingizi, ina karakana, ina wateja. Pande hizo mbili zikikubaliana kulishughulikia tatizo hilo pamoja, kila upande ukaweka chake mezani na ikajulikana mapema nani atamiliki kitakachopatikana, huo ndio ushirikiano wa chuo na biashara. Basi.

Sasa tulitazame neno. Limetoka Kiarabu, kwenye mzizi wa sh-r-k, wenye maana ya kuwa na fungu katika jambo pamoja na mwingine. Mzizi huo ndio uliotupa shirika, mshirika, ushirika, na pia shirki, dhambi ambayo Waislamu huiogopa kuliko zote: kumpa Mungu mshirika. Hebu lipime hilo la mwisho. Uzito wa dhambi ile unatoka kwenye maana ya neno. Msaidizi hutumwa, na akimaliza huondoka. Mshirika ana sehemu yake katika mamlaka. Wakulima wetu wanalijua fungu hilo kwa njia ya kawaida zaidi: anayepeleka maziwa kwenye chama cha ushirika ni mwenye chama, hupiga kura, na mwaka ukiwa mbaya naye huumia.

Kisha kuna mkia wa neno, na hapa ndipo ninapoomba subira yako. Shiriki ni kuwa na sehemu katika jambo. Shirikisha ni kumtia mwingine katika jambo ambalo tayari lina mwenyewe. Tangu Katiba ya 2010 Wakenya tumelizoea hilo kupitia ushirikishaji wa umma: serikali ina mpango wake, inakuita ukumbini, unatoa maoni, unarudi nyumbani. Lakini shirikiana imebeba -ana, ile kauli ya kutendana tuliyofunzwa darasani. Saidia yahitaji msaidizi mmoja, saidiana yahitaji wawili wanaopokezana. Huwezi kupendana peke yako, wala kuandikiana barua na mtu asiyejibu. Kwa hiyo pale ukumbini nilikuwa nikiuliza moyoni: chuo kimeipa kampuni nini, mbali na shukrani? Na kampuni imeleta tatizo gani ambalo watafiti wataanza kulishughulikia Jumatatu? Sikusikia likitajwa hata moja. Kompyuta zilikwenda upande mmoja, picha zikapigwa, tukala.

Huo ni ufadhili. Vivyo hivyo, kampuni ikilipa chuo kiipimie sampuli za udongo, hiyo ni huduma iliyonunuliwa. Na mwanafunzi anayepelekwa kiwandani kwa miezi mitatu yuko kwenye mafunzo ya nyanjani. Yote ni mambo mema na mengine huzaa ushirikiano baadaye, lakini mbegu haiitwi mti.

Ninalishikilia hili kwa sababu nimeona linavyowaumiza watu. Ninamfahamu fundi mmoja wa jua kali Kisumu, atengenezaye mashine za kukata majani ya ng'ombe. Visu vyake huvikata kutoka springi za malori makuukuu. Hukichoma kisu kwenye makaa mpaka kiwe rangi ya jua linapozama, kisha hukitumbukiza kwenye oili chafu iliyomwagwa na magari. Visu vingine hutoka vigumu kupita kiasi na hupasuka vikigonga kijiwe cha kwanza. Vingine hutoka laini na hupoteza makali kabla ya wiki kwisha. Moto ni ule ule, mkono ni ule ule, na yeye haelewi kwa nini. Joto hulipima kwa jicho, tena akiwa kivulini, maana juani rangi ya chuma humdanganya.

Tatizo hilo ni la maabara hasa. Tanuri lenye kipimajoto na kifaa cha kupima ugumu wa chuma vingeanza kutoa jibu baada ya visu kadhaa tu. Na kweli, wanafunzi wa chuo kimoja walifika kwake chini ya kile kilichoitwa mradi wa ushirikiano. Walikuja na hojaji: umri, kiwango cha elimu, changamoto za biashara. Alijibu zote, akapoteza nusu siku ya kazi, wasirudi tena. "Mwalimu," aliniambia, "waliniuliza nina watoto wangapi. Kisu hawakukigusa."

Alishirikishwa. Hakushirikiana na mtu.

Ukitaka kuona mambo yanavyoweza kuwa, tazama mbegu. Chuo Kikuu cha Egerton kule Njoro kimetoa aina za maharagwe ziitwazo Chelalang, Tasha na Ciankui. Chuo Kikuu cha Eldoret nacho, kwa msaada wa Shirika la Kimataifa la Nishati ya Atomiki, kilipitisha mbegu za ngano kwenye mionzi ili zibadilike, kikachagua zilizohimili ule ugonjwa wa ngano wa kutu ya shina uitwao Ug99, na mwaka 2014 aina ya Eldo Ngano 1 ikatolewa kwa wakulima. Hapo chuo kimevumbua. (Na vumbua ni neno tamu: ni kinyume cha vumbika, kufukia ndizi ziive au viazi kwenye jivu la moto, kama funua ilivyo kinyume cha funika. Mvumbuzi hufukua kilichofichika.) Lakini mkulima wa Molo hawezi kupanda uvumbuzi. Lazima mbegu izalishwe kwa wingi, ikaguliwe na KEPHIS, shirika la serikali la kukagua mimea na mbegu, ifungwe kwenye mifuko na ifike agroveti kabla ya mvua. Kazi hiyo yataka mfanyabiashara mwenye magari na maghala, na mfanyabiashara naye hana shamba la majaribio wala miaka ya kusubiri ngano ibadilike. Hapo kila mmoja anamhitaji mwenzake kwelikweli, na ile -ana inapata watu wawili.

Mfano ambao watu hunitajia sana ni Rivatex, kiwanda cha nguo cha Eldoret kilichoanzishwa 1976, kikaanguka, kikanunuliwa na Chuo Kikuu cha Moi mwaka 2007, na kuzinduliwa upya 2019 kikiwa na mitambo mipya. Ninakithamini, hasa kwa vile chuo chenyewe hufundisha uhandisi wa nguo na mwanafunzi hupata kuona pamba ikiwa uzi. Lakini chuo kikinunua kiwanda, huo ni umiliki. Mwenye mali hashirikiani na mali yake. Ushirikiano utakuwapo kati ya kiwanda hicho na mkulima wa pamba wa Busia au Siaya, endapo atakuwa na sauti kuhusu mbegu na bei.

Swali la nani ana nini halikwepeki. Chini ya Sheria ya Mali ya Viwanda ya 2001, hataza, yaani haki ya mvumbuzi iliyosajiliwa (patent), hulinda uvumbuzi kwa miaka 20 tangu ombi lilipowasilishwa, na uvumbuzi wa mfanyakazi aliyeajiriwa kwa kazi hiyo huwa wa mwajiri, mkataba usiposema vingine. Fundi wangu hajaajiriwa na chuo. Siku dawa ya visu vyake itakapopatikana maabarani, jina lake litakuwa wapi? Jambo hilo huandikwa kabla kisu cha kwanza hakijaingia tanurini. Pande mbili zikiona haya kulizungumza, mimi hushuku kwamba upo upande mmoja tu.

Kwa hiyo, ndugu zangu mnaoandaa hafla: kompyuta zikija, andikeni kwenye ratiba "ufadhili". Neno hilo lina fadhila ndani yake na halimvunjii aliyetoa heshima. Nitalifasiri kwa furaha. Lile lingine niwekeeni. Mkinipigia kwamba mtafiti ameshuka Kisumu akarudi na visu viwili kwenye begi, kimoja kilichopasuka na kimoja kilicholainika, nitakuja kulitamka.