Kusoma faili bila kuzuia: kuna anayesubiri

Ushauri huu umezoeleka kwa wanaojifunza Node.js, mazingira ya kuendesha JavaScript nje ya kivinjari: acha readFileSync, inayosimamisha programu mpaka faili liishe kusomwa, tumia readFile, isiyoizuia, faili litasomwa haraka. Halisomwi haraka. Likiwa moja tu, huenda hata likachelewa kidogo, maana readFile hulisoma kwa vipande na kila kipande hupanga foleni upya.

Operesheni isiyozuia ni ile inayoiachia programu iendelee na shughuli zake kabla kazi haijaisha. Matokeo yanakuja baadaye kwa kolbaki (funksheni inayoitwa kazi ikiisha) au await. Basi.

Utata uko kwenye faili. Soketi ya mtandao iliyowekewa O_NONBLOCK, alama ya kuomba isizuie, ikiwa haina data, Linux hukujibu hapohapo kwamba bado, na epoll, huduma yake ya kufuatilia soketi, hukuarifu data ikifika. Uzi (thread) mmoja unaweza kuangalia maelfu ya soketi. Faili la kawaida la diski haliko hivyo: kerneli, kiini cha Linux, hulihesabu kuwa tayari wakati wote. Lifungue kwa O_NONBLOCK, hakuna kitakachobadilika. Kama data haimo kwenye kumbukumbu, uzi ulioita read utalala mpaka diski ijibu. Lipeleke kwa epoll, utarudishiwa kosa la EPERM, yaani hairuhusiwi.

Node inachofanya ni kuhamisha usingizi huo. Maktaba yake ya libuv ina nyuzi za akiba, 4 usipobadilisha, na mmojawapo ndio unaokwama kwenye read ileile ya kuzuia, huku uzi wa JavaScript ukihudumia wengine. Anzisha programu kwa UV_THREADPOOL_SIZE=1, ita pbkdf2, hesabu nzito ya kulinda nywila, yenye mizunguko milioni kadhaa, kisha readFile ya faili la mistari miwili. Mistari hiyo miwili itangoja hesabu ya nywila iishe, kwa sababu zote zinapita mlango mmoja. dns.lookup, inayotafuta anwani ya IP ya jina la tovuti, nayo imo humohumo.

Tokio, maktaba ya Rust ya kazi zisizozuia, hufanya vivyo hivyo. asyncio, mwenzake wa Python, haina njia yake ya kusoma faili. Aiofiles, maktaba wanayoikimbilia watu, ni nyuzi tu. io_uring, njia ya kuipa kerneli maombi ya kusoma na kuandika bila kuyasubiri, iliyoingia Linux 5.1 mwaka 2019, imesogea karibu zaidi na maana halisi, ingawa hata humo baadhi ya maombi huangukia kwa nyuzi za kerneli.

Kwa skripti inayosoma faili la mipangilio mara moja inapowaka, readFileSync haina ubaya. Kwenye seva endelea na readFile, ila sababu yake iwe kwamba wateja wengine wasikwame nyuma ya faili lako.