Je, wajua kwa nini B mbili haziingii kozi moja?

Msimu wa KUCCPS, shirika linalowagawia wanafunzi wa Kenya nafasi za vyuo, ukifunguliwa, saiba (maduka ya intaneti) za Majengo, Mombasa, hujaa akina mama na watoto wao. Mmoja kashika simu yenye matokeo ya KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari, mwingine kashika karatasi ya kozi alizoandikiwa na binamu yake. Hukai sana kabla hujalisikia swali lenyewe. Safari hii liliulizwa na mama mmoja kwa sauti ya kulalamika: "Mwanangu, mbona yule wa jirani ana B kama hii ya dada yako, na yeye kapata uuguzi?"

Huyo aliyeitwa "mwanangu" ni kijana wa saiba, na "dada yako" ni binti wa mama mwenyewe. Alikuwa na watu saba foleni, akajibu kwa neno moja: "Klasta."

Kwanza, B yenyewe si moja. Gredi ya jumla hutokana na masomo saba, na A ina pointi 12, kwa hiyo upeo ni 84. Mwenye pointi 60 ana B, na mwenye 66 ana B vilevile. Karatasi ya matokeo haikwambii kwamba kati yao pana pengo la pointi sita.

Lakini hata wawili wakifungana pointi, bado wanaweza kuachana. Chukua msichana wa Likoni na mwenzake wa Kisauni, wote wana 63, wote wanataka shahada ya uuguzi pale Chuo Kikuu cha Pwani, Kilifi. Kila kozi ina masomo manne inayoyatazama, na hayo ndiyo klasta. Kwa uuguzi, Biolojia na Kemia hazikosekani. Upeo wa masomo manne ni 48. Wa Likoni amekusanya 42 humo. Wa Kisauni ana 34, maana nguvu zake zilikuwa kwenye Historia, Dini na Biashara.

Hesabu waliyozoea walimu ni hii: gawanya pointi za masomo manne kwa 48, gawanya za jumla kwa 84, zidisha hayo majibu mawili, tafuta kipeuo cha pili, kisha zidisha kwa 48. Wa Likoni anatoka na 38.9, wa Kisauni 35.0. Gredi ni ileile, na kati yao wanaweza kupita mamia ya watu. (Namba ya kwenye tovuti ikipishana na ya kalamu, fuata ya tovuti, ndiyo itakayokuingiza au kukuacha.)

Wengi hapa hukosea jambo jingine. Huiona alama ya mchujo ya mwaka jana, tuseme 36, wakadhani chuo kimeamua kwamba chini ya 36 hapiti mtu. Hakuna aliyekaa mezani akaipanga. Nafasi zikiwa 60, waombaji hupangwa kuanzia mwenye pointi nyingi hadi zijae, na pointi za yule wa 60 ndizo zinazochapishwa. Ni kama kuuliza feri iliyopita ilijaa saa ngapi. Yakusaidia kukisia, haikukatii tiketi.

Na foleni haiwi sawa kila mwaka. KCSE ya 2015 iliwapa C+ na zaidi watu 169,492, na C+ ndilo lango la shahada. Mwaka uliofuata mtihani ulibanwa, wizi ukapigwa vita, na A zikaporomoka kutoka 2,685 hadi 141. Wenye C+ na zaidi wakawa 88,929, kisha 70,073 mwaka 2017. Vyuo vilivyokuwa vikichagua vikaanza kutafuta watu. Halafu namba zikapanda tena: kwa mtihani wa 2024 walikuwa 246,391. Zaidi ya mara tatu ya wale wa 2017, na kozi zinazokimbiliwa hazijaongeza viti kwa kasi hiyo.

Wazazi waliosoma enzi za JAB, bodi iliyokuwa ikichagua wa kwenda vyuo vikuu kabla ya KUCCPS, wanakumbuka shida ya aina nyingine. Wakati huo kipimo kilikuwa vitanda vya bweni. Unafaulu na C+ yako, lakini vitanda vimekwisha, basi. Na aliyechaguliwa naye alikaa nyumbani karibu miaka miwili akisubiri zamu. Siku hizi mwenye C+ hupata nafasi ya shahada mahali fulani. Ila kupata chuo ni mbali na kupata kozi uliyoililia, na mimi naona hapo ndipo shule zetu zinapowaacha watoto gizani: somo la kuacha kidato cha tatu linachaguliwa kwa kumkimbia mwalimu mkali, klasta inakuja kujulikana saiba, baada ya kulipa ile shilingi 1,500 ya maombi.

Yule mama alisikiliza hesabu yote ya kipeuo bila kupepesa, kisha akamgeukia bintiye. "Wewe wataka uuguzi au wataka chuo kikuu?"

"Uuguzi, mama."

"Haya. Mwanangu, ile KMTC, chuo cha uuguzi na utabibu cha hapa karibu na hospitali kuu, diploma yake mwaitazama wapi?"

Kijana akateremsha ukurasa.