Kujaza oili siyo kupandisha oili

Juzi nimemsikia tena fundi akimwambia mwenye gari: "Injini nimeshaipraimu, nimemwaga lita nne." Alichofanya ni kujaza oili. Kupraimu ni kazi nyingine, na injini iliyotoka kufungwa upya ikiwashwa bila kazi hiyo, beringi za krenki, ile shafti kuu ya injini, zinasagika kavu sekunde zile za mwanzo.

Maana ya kupraimu ni fupi: kuifikisha oili kwenye pampu, filta, njia za ndani ya bloku, beringi, mpaka roka kule juu, zile zinazosukuma vali, na kuona presha imepanda kabla injini haijawaka hata mara moja. Mimi huiita kupandisha oili.

Kinachowachanganya watu ni neno lenyewe, *prime* la Kiingereza. Wengi wamekutana na praima kwenye rangi, ule mkono wa kwanza unaopigwa ukutani, na wakisikia kwamba linahusishwa na Kilatini *primus*, yaani "wa kwanza", wanahitimisha kuwa kitu cha kwanza kuingia kwenye injini ni oili, basi kuimimina ndiyo kupraimu. Lakini Waingereza walilitumia pia kwa bunduki za baruti: kuweka baruti kidogo pale pa kuwashia, ili moto uifikie ile iliyoshindiliwa ndani. Mwenye gobori analijua hili. Kushindilia ni kazi moja, kuweka fataki ni nyingine, na gobori iliyoshindiliwa bila fataki hailii. Halafu ikaja pampu ya maji ya mkono: unaimwagia maji kidogo juu, wosha ya ngozi inalowa, inaziba, ndipo inavuta. Injini iko upande huu wa pampu. Gia za pampu ya oili zikiwa kavu, hewa inapenya kwenye meno, zinazunguka tu hazivuti. Oili yenyewe ndiyo inayoziba ile mianya.

Anayetaka kuliona hili kwa macho aishike Rover V8 ya zamani, ile ya Range Rover, kabla pampu haijahamishiwa puani mwa krenki miaka ya 1990. Pampu imekaa mbele, juu ya sampu, yaani bakuli la oili chini ya injini, kwa hiyo oili lazima ivutwe ipande. Ukiirudisha pampu kavu, utapiga stata mpaka betri iishe na geji isitikisike. Dawa yake ni kujaza vaselini kwenye meno ya gia. Vaselini, siyo grisi: vaselini huyeyuka kwenye oili ya moto, grisi inaweza kuziba njia. Kisha unatoa distribyuta, kile kigawa moto cha plagi, na kupitia tundu lake unaizungusha pampu kwa drili. Mwanzoni drili inakwenda kirahisi, inalia sauti nyembamba. Ghafla inakuwa nzito mkononi, sauti inashuka, geji inanyanyuka. Uzito ule ndio kupraimu kwenyewe. Endelea, mwenzako akizungusha krenki polepole, mpaka oili ichuruzike kwenye roka.

Toyota yenye injini ya 1NZ au 4A-FE haikupi nafasi hiyo, pampu yake inazungushwa na krenki moja kwa moja. Hapo unatoa plagi zote, unazuia petroli na moto wa plagi, unapiga stata sekunde kumi kumi huku ukiipumzisha, mpaka taa ya oili izimike. Plagi zikiwa nje hakuna kompresheni ya kuzikandamiza beringi. Mwenye tangi la presha ana raha zaidi: anasukuma oili kupitia tundu la swichi ya oili, krenki ikiwa imetulia.

Na ile pampu ndogo ya kidole juu ya filta ya dizeli, inayoitwa pia ya kupraimu, inatoa hewa kwenye njia ya dizeli. Oili haihusiki nayo kabisa.

Kwa hiyo, fundi mwenzangu, ukishamwaga zile lita nne mwambie mteja umejaza oili. Geji ikinyanyuka, hapo mwambie umepandisha.