Wimbo wako unaanzia kidoleni au kinywani? Kuhusu kuchagua programu ya kurekodia nyumbani

Wiki haipiti bila mtu kuniandikia WhatsApp: "Kaka, nimepata laptopu na maiki, sasa niweke programu gani?" Zamani nilikuwa najibu kwa jina moja tu, la programu niliyokuwa naitumia mwenyewe, halafu naendelea na kazi zangu. Mwalimu mmoja wa kwaya ndiye aliyeniachisha tabia hiyo. Mtu mzima, ana kinanda chake na waimbaji kumi na wanane, na alitaka kurekodi albamu sebuleni kwake Tabata. Nikamwambia aweke FL Studio. Baada ya wiki mbili akanipigia simu. "Mwanangu, hiki kitu kinanionyesha vibokisi vya ngoma. Mimi ngoma sina. Nina watu."

Alikuwa sahihi, na aibu ilikuwa yangu. Tangu siku hiyo sitaji jina la programu kabla sijauliza: wimbo wako unaanzia wapi, kidoleni au kinywani? Yaani ukikaa kuanza kazi, kinachoingia kwanza kwenye kompyuta ni mdundo unaoubofya mwenyewe, kiki hapa, sneya pale, au ni mtu anayeimba na kupiga chombo mbele ya maiki? Karibu programu zote za leo zinafanya yote mawili. Ila kila moja ilizaliwa upande mmoja, na ukiifungua tu unaona inatarajia nini kutoka kwako.

Wanaoanzia kidoleni, yaani vijana wengi wa Bongo Fleva na singeli, FL Studio inawafaa na sina ubishi nao. Ilitengenezwa na Image-Line ya Ubelgiji mwishoni mwa miaka ya 1990 kwa jina la FruityLoops, na kazi yake ya mwanzo ilikuwa kupanga mapigo ya ngoma kwenye mstari wa vibokisi kumi na sita. Mwaka 2003 jina likabadilika, vibokisi vikabaki. Mtu anayetengeneza biti ya singeli, mapigo 200 na zaidi kwa dakika, hana haja ya kuandika noti. Anataka kubofya, kusikia, kufuta na kubofya tena, na hapo sijaona programu inayokwenda haraka kama hiyo.

Mtego wake uko dukani. Toleo la bei ya chini kabisa, Fruity Edition, linatengeneza biti vizuri lakini halirekodi maiki. Anayetaka kuingiza vokali aanzie Producer Edition. Nimeshapigiwa simu na vijana wawili waliojinyima miezi kadhaa, wakanunua lile la chini, kisha wakahangaika kutafuta pa kurekodia mpaka usiku wa manane wakidhani maiki ni mbovu. Na lile la majaribio, la bure, linakuruhusu kuhifadhi kazi lakini halikufungulii tena mpaka ulipe. Ukilijaribu, anza wimbo, umalize, utoe faili la sauti la WAV kabla hujazima mashine. Ninachoisifia ni kwamba ukishanunua mara moja, matoleo mapya yote yanayofuata unapewa bure. Kwa mtu ambaye kadi yake ya benki ina pesa mwezi huu na mwezi ujao Mungu anajua, hilo si jambo dogo.

Mwalimu wa Tabata nilimhamishia Reaper. Mwanzilishi wake ni Justin Frankel, yule yule aliyetengeneza Winamp, ile iliyokuwa ikipiga nyimbo kwenye kila intaneti kafe ya mjini. Faili la kupakua la Windows halifiki MB 30, kwa hiyo bando la siku linatosha na chenji inabaki. Unaitumia siku 60 bila kunyimwa chochote, kisha leseni ya mtu binafsi au biashara ndogo ni dola 60. Ipo ya Windows, ya Mac na ya Linux. Ukiifungua huoni ngoma wala kinanda cha maana, na sura yake ni ya kijivu kijivu tu. Ni uwanja mtupu wenye kitufe chekundu. Vijana wa biti huifunga baada ya dakika tano. Mwalimu alipoiona alisema, "Hii sasa ndiyo kaseti."

Nieleze tulivyofanya, maana hapo ndipo tofauti inapoonekana. Saundi kadi yake, kile kiboksi cha kuunganisha maiki na kompyuta, ina matundu mawili, kwa hiyo maiki ni mbili. Watu kumi na wanane kwa maiki mbili sebuleni wanatoa uji. Tukawagawa: sauti ya kwanza peke yao, ya pili peke yao, kisha tenori, kisha besi, na kila kundi liliimba mara mbili ili kwaya isikike nene. Makundi manne, mara mbili, maiki mbili: traki 16, yaani mistari 16 ya sauti, kabla ya kinanda na waimbaji wa solo. Kwenye Reaper unaburuta traki moja ndani ya nyingine, ile ya nje inageuka folda, na sauti zote za ndani zinapitia humo. Ukishusha folda ya sauti ya kwanza, akina mama wote wa sauti hiyo wanashuka pamoja. Hakuna nyaya za kuchora wala menyu ya kutafuta. Pro Tools nayo ina toleo la bure, Intro, lakini mwisho wake ni traki nane za sauti. Mpiga gitaa anayeimba peke yake zinamtosha. Kwaya yetu ingezimaliza kabla wanaume hawajafungua mdomo.

Wengine wa kinywani ni watu wa taarabu asilia. Mpiga udi akianza taksimu, kule kupiga peke yake akibuni papo hapo, hana kasi anayoifuata, anavuta muda apendavyo, na ukimwashia metronomu masikioni umemharibia. Zima metronomu, zima gridi, rekodi kama mkanda. Programu iliyozaliwa upande wa kidole itakuruhusu kufanya hivyo, lakini kila ukigusa kitu itataka kukirudisha kwenye mstari. Na oto-tyuni, ile ya kunyoosha sauti ya mwimbaji! Maqamu, yaani ngazi za sauti za muziki wa Kiarabu, kama Rasti na Bayati zina sauti zinazokaa katikati ya noti mbili za piano. Oto-tyuni iliyoachwa kwenye mipangilio ya kawaida inaziona ni makosa na kuzivuta kwenye noti ya jirani. Nilikuwepo bi mkubwa mmoja wa Unguja aliposikilizishwa sauti yake baada ya kunyooshwa hivyo. Akauliza kwa adabu kabisa ni nani anayeimba.

Nyingine nitazipitia haraka. Logic Pro ni nzuri sana na inataka kompyuta au iPad ya Apple, basi. Kama unayo, anza na GarageBand ambayo ni ya bure, na usinunue kitu mpaka ikushinde. Ableton Live imetengenezwa kwa mtu anayecheza na vipande jukwaani, na Cubase ni ya kale na imara, ina uandishi wa noti kwa wanaosoma muziki. Kabla hujalipia yoyote kati ya hizo mbili, tazama ndani ya boksi la saundi kadi yako: Focusrite Scarlett huja na namba ya kufungulia Ableton Live Lite, na saundi kadi za Steinberg huja na Cubase AI. Nimeona watu wakitupa kile kikaratasi pamoja na nailoni. Audacity ni ya bure na kwa mawaidha, mahubiri na vipindi vya kusimulia siioni aibu kuipendekeza, ila si ya kutengenezea biti. Kwa asiye na kompyuta kabisa, BandLab kwenye simu inatosha kwa demo.

Sasa kuchelewa kwa sauti, maana hapa ndipo watu huilaumu programu kwa kosa lisilo lake. Mwimbaji anavaa hedifoni, anaimba, anajisikia kwa nyuma kidogo kama anajibiwa na mwangwi. Anakwambia programu mbovu, unaifuta, unaweka nyingine, mambo yale yale. Kompyuta haishughulikii sauti tone kwa tone. Inazichota kwenye ndoo, na ndoo hiyo inaitwa bafa. Bafa ikiwa sampuli 512, yaani matone 512, na unarekodi kwa sampuli 44,100 kwa sekunde, ndoo moja inajaa kwa milisekunde 11.6. Kwa muda huo sauti ikiwa hewani ingesafiri kama mita nne. Kuna ndoo ya kuingia na ya kutoka, kwa hiyo mwimbaji anajisikia kama spika yake iko mita nane, upande wa pili wa ukumbi, na hapo sijaongeza kuchelewa kwa saundi kadi yenyewe. Shusha bafa hadi 128 na mita nane zinakuwa mbili. Laptopu ikianza kutoa mikwaruzo ujue ndoo ni ndogo mno kwa nguvu zake, panda hadi 256.

Kwenye Windows usitumie draiva ya kawaida ya kompyuta. Tafuta ASIO ya saundi kadi yako, na kama haina, ASIO4ALL ni ya bure. Saundi kadi nyingi pia zina kitufe cha kumrudishia mwimbaji sauti yake moja kwa moja kabla haijaingia kwenye kompyuta. Kiwashe, zima sauti ya traki hiyo ndani ya programu, na tatizo limeisha hata kwenye mashine dhaifu. Laptopu ya mtumba ya Kariakoo yenye RAM ya GB 8, ukiibadilishia diski ya zamani kwa SSD, inarekodi kwaya bila kulalamika. Kinachoilemea ni wingi wa plagini, vile viprogramu vya nyongeza vya kupamba sauti, wakati wa kumiksi, na wakati huo bafa unaweza kuipandisha hadi 1024 kwa sababu hakuna anayeimba.

Laptopu hizo za mtumba zina ugonjwa mwingine: betri zimekufa. Umeme ukikatika, mashine inazima hapo hapo. Kwa hiyo jambo ninaloliuliza kuhusu programu, ambalo sioni watu wakiliuliza, ni sauti inakaa wapi wakati inarekodiwa. Reaper huiandika diskini moja kwa moja, na kwa kawaida faili unalikuta kwenye folda hata kama mwisho wake umekatika. Kwenye FL Studio inategemea njia. Ukirekodi kwenye Playlist, ule ukurasa wa kupangia wimbo, inaandikwa diskini, lakini ukirekodi ndani ya Edison, kirekodi chake cha ndani, inakaa kwenye RAM mpaka uihifadhi kwa mkono wako, na umeme ukiondoka nayo imeondoka. Mpigie mwimbaji simu ya kumwambia arudie ubeti aliolia ndani yake, uone utakavyojibiwa. Kwenye programu yoyote, siku ya kwanza tafuta mpangilio wa kujihifadhi na uuweke kila dakika tano. Nafasi ya diski pia: kwa ubora wa biti 24 (bit za kompyuta, si midundo) na sampuli 48,000 kwa sekunde, traki moja inakula kama MB 8.6 kwa dakika, kwa hiyo traki 16 za kwaya yetu, wimbo wa dakika nne, ni zaidi ya MB 550 kabla hujarudia kitu.

Kuhusu kraki, yaani programu za wizi zilizovunjwa ufunguo, nitasema machache kwa kuwa wengi tumepita huko, mimi nikiwemo. FL Studio na Cubase za bure zilikuwa zinatembea kwenye flashi mtaani kama karanga. Mwaka mmoja niliweka plagini ya kraki usiku, asubuhi nikakuta kila faili kwenye diski limebadilishwa jina na kuna barua ya kudai malipo. Ndani ya diski hiyo kulikuwa na vokali za msanii aliyekuwa amesafiri. Kwa bei ya dola 60, au kwa bure kabisa ukiwa na GarageBand au kile kikaratasi cha kwenye boksi, sioni tena kwa nini mtu acheze kamari hiyo na kazi ya mwenzake.

Na usiogope kwamba ukichagua umefungwa. Muziki unahama kati ya programu kwa njia rahisi: toa kila traki kama WAV yake, zote zianzie sekunde sifuri hata kama mtu anaingia dakika ya tatu, usiweke plagini kwenye chaneli kuu, andika kasi ya wimbo kwenye jina la folda, na kila faili lipe jina ambalo mgeni atalielewa. Nusu ya kazi ninazotumiwa zina "Audio 1_final_FINAL2" na nabaki kubahatisha.

Mwezi uliopita mwalimu wa Tabata aliniletea flashi ili nimmiksie wimbo wa kwanza. Nilimwamkia shikamoo, nikamkaribisha chai, nikachomeka. Faili 23, zote zinaanzia sifuri, zote zina majina kwa Kiswahili safi. Mawili nililazimika kumuuliza. Moja liliandikwa "Besi kabla ya umeme", lingine "Besi baada ya umeme".

"Tumia la baada," akasema. "Walikuwa wameshapumzika."